Kabla hujamtumia fundi umeme pesa, mpe alama

Mwaka juzi, mwezi wa pili, nilitoka zamu ya usiku, nikafungua simu ndani ya basi na kukuta kaka yangu wa Kibaha amenipigia mara sita. Ukiishi mbali na kwenu unajua simu sita za alfajiri maana yake nini. Nilimpigia huku machozi yako karibu.

"Mama kapigwa shoti," akasema. "Bafuni. Ni mzima, lakini tuko hospitali."

Mama alikuwa ameingia kuoga, akawasha ile hita ndogo inayofungwa juu kwenye shawa, akashika bomba. Mkono ukang'ang'ania, hakuweza kuuachia. Kilichomwokoa ni kuteleza: alianguka, na uzito wa mwili ukaubandua mkono. Goti liliumia, mkono ulikufa ganzi siku nzima, lakini kipimo cha moyo kilitoka kizuri. Kwenye simu nilimuuliza kaka maswali yote ninayowauliza ndugu wa wagonjwa wengine, kwa sauti ile ile ya kazini. Nilipokata simu, nilipitiliza kituo changu bila kujua.

Nyumba ile nilimjengea mimi, kwa miaka mitano ya zamu za ziada. Hita ile nilimnunulia mimi, kwa sababu maji ya baridi yanamsumbua viungo. Na fundi aliyefunga umeme nilimlipa mimi, bila kumuuliza swali lolote zaidi ya bei.

Ninaandika haya kwa sababu wengi wetu tunajenga kwa simu. Matofali tunayaona kwenye picha, na bati tunaliona. Umeme hauonekani. Ukuta ukishapigwa lipu, kazi ya fundi umeme imezikwa, nzuri au mbaya, na atakayeigundua ni mtu aliyelowa maji.

Tulichokikuta ukutani

Fundi wa kwanza alikuwa kijana wa mtaani kwetu wa zamani. Kaka alimleta kwa sifa moja: "Huyu ni wa kwetu." Baada ya mama kuumia tulimwita fundi mwingine akague, naye akatutumia picha moja moja.

Nje ya nyumba, mahali pa ile fimbo ya ethi, palikuwa na kipande cha nondo ya ujenzi kilichopigwa kwenye mchanga mkavu, waya umezungushiwa tu bila kibano. Bafuni, waya wa ethi wa hita ulikuwa umekatwa na kukunjwa ndani ya ukuta. Swichi ya hita ilikuwa inakata nyutro badala ya laini, kwa hiyo hata ukiizima, hita ilibaki na umeme. Na fomu iliyopelekwa TANESCO ili tuunganishiwe umeme ilikuwa na muhuri wa mkandarasi ambaye hakuna mtu kwetu aliyewahi kumwona. Muhuri ulikuwa umekodiwa.

Kaka aliuliza swali ambalo huenda nawe unalo: "Mbona meinswichi haikukata?"

Hapo ndipo kazi yangu na kazi ya fundi umeme zinakutana. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Mwili uliolowa unaweza kuzuia umeme kwa kiasi cha omu 1,000 hivi, au pungufu. Gawanya, utapata takriban miliampia 230. Kwa moyo, hicho ni kiwango cha kuua. Zikifika miliampia 10 hivi misuli inakaza na mkono hauachii; zikifika 30 misuli ya kupumulia iko hatarini; zikizidi hapo, moyo unaweza kuacha kudunda na kubaki unatetemeka tu.

Sasa tazama sakiti breka ya kawaida ya ampia 32. Miliampia 230 ni ampia 0.23. Breka hiyo haioni kitu. Kazi yake ni kulinda waya usiungue, si kumlinda mama. Kinachomlinda mtu ni vitu viwili vikiwa pamoja: ethi inayofanya kazi, na kifaa kinachoitwa RCD, ambacho hupima umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampia 30 hukata mara moja, kabla moyo haujavurugika. Nyumba yetu haikuwa na hata kimoja.

Nilichokichukua wodini

Hospitali za Uingereza tunatumia jedwali linaloitwa NEWS2, lililotolewa na Royal College of Physicians mwaka 2017. Unampima mgonjwa pumzi, oksijeni, presha, mapigo ya moyo, fahamu na joto, na kila kipimo unakipa alama. Mgonjwa anaweza kuwa anatabasamu na kukuita "dear", lakini kama anapumua mara 26 kwa dakika, unaandika 3. Humpi alama kwa sura yake, wala kwa kuwa ndugu zake ni watu wazuri.

Kuna jambo jingine kwenye jedwali lile ambalo nimelipenda zaidi. Kipimo kimoja tu kikipata 3, ile ya rangi nyekundu, lazima umwite mtu amwangalie mgonjwa haraka, hata kama vingine vyote ni sifuri. Jumla nzuri haifuti hatari moja kubwa.

Nikajiuliza: mbona mgonjwa nisiyemjua nampima hivi, na fundi ninayemkabidhi maisha ya mama nampima kwa "ni wa kwetu"? Nikachukua karatasi, nikaandika maswali sita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 18. Hapa alama kubwa ni nzuri. Na maswali matatu nimeyawekea rangi nyekundu: fundi akipata sifuri kwenye mojawapo, mazungumzo yameisha, hata kama mengine yote kapata 3.

1. Leseni ni ya nani? (Nyekundu)

Tanzania Bara, leseni za mafundi na wakandarasi wa kufunga umeme hutolewa na EWURA, na ziko kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Cheti cha VETA ni kitu kizuri, lakini kinaonyesha mtu alisoma. Leseni ndiyo inayomruhusu kufanya kazi. Omba picha ya leseni, soma jina, daraja na tarehe ya kwisha, kisha uliza EWURA kama ni halali.

Leseni yake mwenyewe na iko hai: 3. Anafanya kazi chini ya mwenye leseni, nawe umeongea na huyo mwenye leseni na amekubali kuja kukagua: 2. Ana cheti cha mafunzo tu: 1, na kazi yake lazima ikaguliwe na mwenye leseni. Hana kitu, au anasema "muhuri nitautafuta": sifuri.

Wa Kenya, leseni ziko EPRA. Wa Uganda, vibali hutolewa na ERA.

2. Anauliza nini kabla ya kutaja bei?

Daktari anayeandika dawa kabla hujakaa unamwogopa. Fundi anayetaja bei kabla ya kuuliza mtatumia nini ni wa aina hiyo hiyo. Hita ya kilowati 5 inavuta karibu ampia 22. Ukiipitisha kwenye waya wa milimita 1.5, ambao ni wa taa, ukuta unakuwa pasi. Fundi mzuri atauliza: kuna jiko la umeme? Pampu ya kisima? Kiyoyozi, sasa au baadaye? Nani anaishi hapo, wazee, watoto?

3. Anasema nini kuhusu ethi na RCD? (Nyekundu)

Usimtajie wewe kwanza. Mwambie akueleze atakachofunga, kisha sikiliza. Akitaja mwenyewe fimbo ya ethi, kibano chake na RCD ya miliampia 30, mpe 3. Akitaja baada ya kuulizwa na akaeleza vizuri, 2. Akikubali kwa shingo upande, 1. Akikuambia ethi si lazima, sifuri, na umshukuru kwa ukweli wake.

4. Atapima kwa nini? (Nyekundu)

Bisibisi ya tesa inaonyesha tu kwamba umeme upo. Haisemi kama ethi inafanya kazi, wala kama waya umechubuka ndani ya paipu. Fundi kamili ana multimita, kipimo cha ngozi ya waya na kipimo cha ethi, na anaandika namba. Mwambie akuonyeshe vifaa kwa video. Akiwa navyo vyote na anaandika majibu, 3. Akiazima kwa mwenzake na kweli akapima, 2. Akiwa na multimita tu, 1. Akisema "nitawasha utaona", sifuri.

5. Nyumba aliyoifunga mwaka uliopita inasemaje?

Kazi ya jana kila mtu anaipenda. Omba nyumba iliyokaa zaidi ya mwaka, umtume mtu wako aongee na anayeishi humo, fundi akiwa hayupo. Taa zinapepesa? Kuna soketi inayopata moto au kunuka? Mlipomwita tena, alikuja?

6. Yuko tayari kuandika?

Unataka orodha ya vifaa yenye jina la waya, unene wake na idadi, na malipo kwa awamu zinazoonekana. Mimi siku hizi nalipa hivi: awamu ya kwanza paipu zikiwa ukutani na zimepigwa picha pamoja na futi ya kupimia kabla ya lipu; ya pili nyaya zikishavutwa; ya tatu soketi, swichi na meinswichi zikishafungwa; ya mwisho vipimo vikishaandikwa. Hiyo ya mwisho isiwe ndogo. Fundi aliyeshalipwa karibu yote hana haraka ya kupima.

Kwenye vifaa, jihadhari na waya wa bandia. Kuna nyaya zilizopakwa shaba juu, ndani ni alumini. Kata ncha, ikwangue kwa kisu: ikitokea rangi ya fedha, rudisha dukani. Tafuta alama ya TBS, na omba picha ya lebo ya kila rola kabla waya haujaingia kwenye paipu.

Mafundi watatu

Kwa kazi ya kurekebisha nyumba ya mama nilihoji watatu kwa video, kaka akishika simu.

Wa kwanza alikuwa mcheshi, bei yake ndogo kuliko wote, na wateja wake wa zamani walimsifu sana. Alikuwa chini ya mkandarasi anayefahamika. Nilipofika kwenye ethi alicheka: "Dada, hizo ni mbwembwe za Ulaya. Watu wanaishi bila ethi na hawafi." Jumla yake ilikuwa 10, lakini hapo palikuwa na sifuri nyekundu. Kaka alitaka nimpe nafasi. Nikamwambia aangalie goti la mama.

Wa pili ilikuwa kampuni ndogo yenye ofisi, leseni na karatasi safi. Walipata 15. Shida yao ni kwamba nyumba waliyotupa ya kuulizia ilikuwa imekamilika mwezi uliopita, na aliyezungumza nasi si yeye ambaye angekuja kufanya kazi.

Wa tatu ni mzee mtaratibu, maneno machache. Alikataa kutaja bei kwa simu. Alikwenda Kibaha, akamsalimia mama, akamuuliza anaoga saa ngapi na kama anaoga amekaa au amesimama. Kisha akatoboa bei kubwa, na kusema lazima vigae vya bafuni vivunjwe. Kuandika hakukuwa kwake. Bei aliituma kwa ujumbe wa sauti. Naye alipata 15.

Alama zikalingana, na karatasi ikawa imefika mwisho wa msaada wake. Ikabidi niangalie zilipopungua. Upungufu wa mzee ulikuwa maandishi, na hilo mimi naweza kulijaza: niliandika orodha na awamu mwenyewe, kaka akaichapisha, mzee akatia saini. Upungufu wa kampuni ulikuwa kutokumjua atakayeshika waya, na hilo mimi wa Uingereza siwezi kulijaza. Nikamchukua mzee.

Alichelewa siku mbili kuanza. Mama alinuna kwa sababu ya vigae vyake. Lakini siku ya mwisho nilitumiwa picha ya mita ya ethi ikisoma omu 14, na chini yake karatasi ya vipimo vya kila chumba. Mzee alieleza kwamba kiangazi mchanga ukikauka namba hiyo itapanda, ndiyo maana alipiga fimbo mbili na zikaenda chini sana.

Kaka, na yule kijana

Hili ndilo gumu kuliko waya. Kaka aliona nimemdhalilisha. "Umeniona mjinga mbele ya mafundi," aliniambia. Wiki mbili hatukuongea vizuri. Tunaowategemea ndugu nyumbani tunajua: ukihoji fundi waliyemleta, wanasikia umewahoji wao.

Kilichosaidia ni kumkabidhi karatasi. Niliacha kumuuliza "kazi imeendaje?" nikawa namwuliza "swali la nne umempa ngapi, kwa nini?" Nilimtumia pia kipima soketi cha kuchomeka, ambacho hapa hakigharimu sana. Kwa kuwa plagi za Tanzania ni zile zile za Uingereza za pini tatu bapa, kilifanya kazi moja kwa moja. Unakichomeka, taa zake zinakuambia kama ethi haipo au nyaya zimegeuzwa. Hakiwezi kukuambia kama ethi ni nzuri, hivyo hakichukui nafasi ya vipimo vya fundi, lakini kinatosha kumkamata aliyelala. Kaka sasa anazunguka nacho mtaa mzima.

Na yule kijana wa kwanza? Kaka alimwendea kwa hasira, nami nikiwa kwenye simu. Alinyamaza muda, akasema, "Dada, mimi nilikutajia laki saba. Wewe ukasema laki nne au uache. Ethi haikuwemo kwenye laki nne. Na hakuna aliyeniuliza."

Sikumsamehe siku hiyo. Alipaswa kukataa kazi, si kukata waya na kuuficha ukutani. Lakini alichosema kuhusu mimi kilikuwa kweli. Nilimpima kwa kitu kimoja, bei, naye akanipa nilichopima.

Hata hapa tunapoishi

Kwa mliopanga au kununua nyumba huku, kanuni ni hiyo hiyo, ila njia ni fupi. Tangu 2005 kazi nyingi kubwa za umeme wa majumbani Uingereza na Wales ziko chini ya Part P ya kanuni za ujenzi. Tafuta fundi aliyesajiliwa, kwa mfano NICEIC au NAPIT, umtafute wewe kwenye orodha yao badala ya kuamini nembo iliyobandikwa kwenye gari, na udai cheti kazi ikiisha. Wanafunzi mliopanga kwa mwenye nyumba binafsi Uingereza: umeme wa nyumba lazima ukaguliwe angalau kila miaka mitano, na ripoti lazima mpewe nakala. Iombeni. Soketi inayopata moto si ya kuvumilia kwa sababu wewe ni mgeni.

Kitufe cha mama

Kwenye RCD kuna kitufe kidogo chenye herufi T. Ukikibonyeza, umeme unapaswa kukatika papo hapo. Usipokatika, kifaa kimekufa na fundi aitwe. Mzee alimfundisha mama, akamwonyesha na namna ya kurudisha.

Kila tarehe moja ya mwezi napata ujumbe wa sauti kutoka Kibaha. Hausemi shikamoo yangu umeipokea au la, hausemi habari za mvua. Unasema, "Mwanangu, nimebonyeza. Umekata." Kisha nasikia friji ikianza tena kuunguruma, nami ninakwenda zamu yangu.